Kujenga Land Rover 109 ya kuingia porini ukiwa Mwanza

Kabla hujanunua hata bolti moja, jua gari lako litakanyaga nini. Huku kwetu ardhi ni za aina tatu. Kuna mawe ya itale yaliyoipa Mwanza sura yake, yanayokufuata toka mjini hadi Kisesa na vilima vya Magu. Kuna mchanga laini wa mwambao, kama ule wa kuelekea Igombe na Kayenze. Halafu kuna mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi wa Kwimba, Misungwi na Magu, ambao kiangazi hupasuka nyufa na masika huganda kwenye tairi mpaka kashata zote, yaani meno ya tairi, zinajaa na tairi linabaki laini kama limepakwa lami.

Mbuga ndiyo inayowashinda wengi, na haiogopi ukubwa wa injini. Inachoangalia ni uzito wa gari, upana wa tairi, na kama gia yako nzito inaweza kutembea taratibu bila kuzungusha magurudumu hovyo. Kwa hiyo msimamo wangu katika mwongozo huu mzima ni mmoja: fedha zianzie chini ya gari. Chasisi, breki, usukani na sili kwanza. Tairi zifuate. Bampa la chuma, winchi (mashine ya kujivuta kwa kamba) na taa za kwenye paa zije mwisho, tena zikija kidogo kidogo. Nimeona magari mengi mno yaliyopambwa juu huku chini yanavuja, na yote hukwama mahali pale pale.

Hatua ya 1: Kuchagua gari

Ninashauri Land Rover Series III ya 109, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Namba 109 ni inchi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, karibu sentimita 277. Fupi yake, ile 88, hugeuka vizuri zaidi kwenye mawe, ila haina nafasi ya kubeba maji, spea na watu, na kwenye mteremko mkali wenye matope hugeuka ubavu haraka. Kwa safari zetu za kutoka asubuhi na kurudi kesho yake, 109 ndiyo gari.

Sababu yangu kubwa ni kwamba gari hili linafungika na kufunguka kwa spana za kawaida. Halina kompyuta. Paneli za bodi ni aloi ya alumini, hazili kutu kama bati. Na mafundi wa makamo wa Mabatini, Igoma na Nyakato wanalijua, kwa sababu wengi wao walijifunzia kazi humo.

Ukimpata mwenye gari, ukishamaliza shikamoo na habari za nyumbani, swali la kwanza liwe hili: "Mzee, gari hili limeishi wapi?" Lililoishi Tanga au Dar es Salaam limekula chumvi ya bahari, na chasisi yake inaweza kuwa imeliwa kwa ndani huku nje ikimeremeta rangi. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, kwa hiyo gari lililozeekea Shinyanga au Sengerema lina nafasi nzuri zaidi. Lakini usilikubali kwa historia peke yake, kwa sababu matope yaliyokaa miaka ndani ya chasisi nayo hula chuma.

Chukua nyundo ndogo, lala chini ya gari, gonga chasisi kila baada ya shubiri moja. Chasisi ya Land Rover ni sanduku la chuma lililo wazi ndani, kwa hiyo chuma kizima hulia "ngo" kwa sauti ya juu inayorudi. Kilichooza hutoa mlio uliokufa, na mara nyingine nyundo huacha kibonyeo au vumbi la kutu linakudondokea usoni. Vaa miwani. Gonga kwa makini sehemu hizi: ncha za mbele zinaposhikwa springi, mikono ya pembeni inayobeba bodi, sehemu za juu ya ekseli ya nyuma, na ule mhimili wa mwisho kabisa nyuma, unaofungwa ndoano ya kuvutia. Mhimili wa nyuma ukioza peke yake, hiyo inarekebishika. Ikioza chasisi nzima pande zote mbili, achana nalo, hata likiuzwa kwa bei ya kuku.

Kisha funua zulia la miguuni. Ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria si alumini, na huoza pale unapokanyaga na kwenye nguzo za bawaba za mlango. Ukipitisha kidole kikatokea upande wa pili, punguza bei.

Kadi ya gari uione kwa macho yako, ulinganishe namba ya chasisi na ya injini na zile zilizogongwa kwenye chuma. Ukija kubadilisha injini, namba mpya lazima iingizwe kwenye kadi kupitia TRA, kwa hiyo injini utakayonunua iwe na karatasi za mauzo. Usiache hili hadi siku trafiki atakapokusimamisha.

Hatua ya 2: Kulifungua

Piga picha kila kitu kabla ya kufungua. Kila waya, kila bomba. Bolti za kila sehemu weka kwenye kopo lake na uandike juu yake kwa rangi. Bolti zilizoganda zimwagie mafuta ya kupenya jioni, uzijaribu asubuhi. Ukilazimisha bolti kwa bomba la kurefushia spana utaikata na utaanza kutoboa, kazi ya nusu siku kwa bolti moja. Tenki la mafuta, ambalo kwenye nyingi za 109 liko chini ya kiti, litoke na liondolewe kabisa sehemu ya kuchomelea. Tenki tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, maana mvuke ndio unaolipuka.

Hatua ya 3: Chasisi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Osha chasisi kwa maji ya presha, ndani na nje, ukiingiza mpira kwenye matundu mpaka maji yatoke meupe. Utashangaa udongo utakaotoka. Mwingine umekaa humo tangu enzi za mmiliki wa kwanza. Iache ikauke kabisa.

Sehemu zilizooza zikatwe mpaka ufike kwenye chuma kizima. Usikubali fundi abandike bati juu ya kutu. Kiraka cha namna hiyo hushika unyevu katikati, na mwaka haupiti kabla hakijaoza pamoja na kilichokuwa kizima. Tumia bati la unene ule ule wa asili, milimita 2 hadi 3, na pale panaposhikwa springi ongeza bamba la pili linaloenea pembeni ili mzigo usikae kwenye mstari mmoja wa weldingi. Weldingi ya gesi ya CO2 inafaa zaidi kuliko ya fimbo kwenye bati jembamba, kwa sababu haitoboi ovyo. Mwambie fundi achomelee vipande vifupi vifupi akihama upande, chasisi isipinde kwa joto. Kabla hajaanza, pima mshazari: kutoka tundu la springi la mbele kulia hadi la nyuma kushoto, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikipishana kwa zaidi ya milimita chache, chasisi imepinda na inyooshwe kwanza.

Betri na alternata vikatwe waya wakati wote wa kuchomelea.

Baada ya hapo, msasa, praima ya kuzuia kutu, rangi. Ndani ya chasisi nyunyiza mafuta mazito au nta ya kuzuia kutu kwa kutumia mpira mrefu kupitia matundu yale yale. Matundu ya chini yaache wazi. Kuna watu huyaziba wakidhani wanazuia matope, kumbe wanafungia maji ndani.

Kama kuna hatua moja ya kutokuihurumia bajeti, ni hii. Chasisi huitengenezi tena gari likishafungwa.

Hatua ya 4: Ekseli, difu na sili

Angalia ekseli ya nyuma. Nyingi za 109 Series III zilikuja na ekseli ya Salisbury, unayoitambua kwa kifuniko kikubwa cha bolti upande wa nyuma wa kibuyu cha difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawa mzunguko kwa magurudumu mawili. Hiyo ni imara sana, iheshimu na uiache ilivyo. Kama umekuta ekseli ya aina ya Rover, ambayo difu lake hutokea mbele, hafushafti zake, zile shafti za kuzungusha magurudumu, ni nyembamba na hukatika ukikanyaga mafuta ghafla tairi likiwa limebanwa kwenye jiwe. Ama ubadilishe ekseli nzima kwa Salisbury, ama ujifunze mguu mwepesi na kubeba hafushafti ya akiba.

Mbele, nyuma ya kila gurudumu, utaona mpira mkubwa wa chuma unaong'aa. Ndani yake ndimo shafti inapokunjika gurudumu likigeuka. Futa mafuta, kisha pitisha ukucha taratibu juu ya ule mng'ao. Ukucha ukipita bila kukwama, sili mpya itakaa miaka. Ukikwama kwenye vitundu vya kutu, hata ufunge sili mpya leo, kesho kutwa mafuta yatakuwa yanatiririka kwenye breki. Badilisha mpira wenyewe. Kama fedha haitoshi kwa sasa, mafundi wengi huweka grisi nyepesi ya maalumu badala ya oili ndani ya huo mpira. Inapunguza kuvuja na shafti bado inalainishwa.

Sasa jambo ambalo wengi hulipuuza: vipumulio. Kila ekseli ina kipumulio kidogo juu yake. Ukiendesha, oili ya difu hupata joto na hewa ndani hupanuka. Ukiingia ghafla mtoni, ekseli hupoa, hewa husinyaa, na kama kipumulio kimeziba au kimezama, difu huvuta maji kupitia kwenye sili. Utajua kesho yake ukifungua nati ya oili na kukuta imegeuka nyeupe kama maziwa. Dawa yake ni rahisi mno: ondoa vipumulio, weka vikonyo vya kuunganishia mpira, kisha pandisha mipira hadi juu karibu na chujio la hewa, ukiacha ulegevu wa kutosha ekseli icheze. Fanya hivyo kwa ekseli zote mbili na boksi la gia.

Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu dogo la kudondoshea oili. Gari hili lina kizibo chake cha nyuzi kwa ajili ya kuvukia maji. Kifunge kabla ya kuvuka, na kitoe baadaye, maana kikibaki na sili ya nyuma ya injini ikivuja, oili italowesha klachi. Vizibo hivi hupotea. Fundi wa mashine ya kukereza anaweza kukuchongea kingine mchana mmoja.

Hatua ya 5: Breki na usukani

Breki za 109 ni za drami pande zote nne, na zilikuwa zinatosha kwa gari lililokuwa linatembea kilomita 70 kwa saa. Zinatosha bado, zikiwa nzima. Badilisha mabomba yote ya chuma na ya mpira bila kuangalia kama yanaonekana mazuri. Silinda za magurudumu zifunguliwe zote; ukikuta kutu ndani, mpya. Tumia brake fluid ya DOT 4 pekee. Mtu akikuongezea oili nyingine humo, hata kidogo, mipira ya ndani huvimba na utafungua mfumo mzima upya. Gari likiwa la bomba moja linalolisha magurudumu yote, badilisha masta silinda uweke ya mikondo miwili, ili bomba moja likikatwa na jiwe bado ubaki na breki za mbele au za nyuma.

Handibreki ya Land Rover hushika shafti inayotoka kwenye boksi la gia, haishiki magurudumu ya nyuma moja kwa moja. Ikilowa oili haishiki kabisa. Sili ya hapo ibadilishwe mapema, kwani kwenye kilima cha mawe ndiyo inayokushikilia ukishuka kuweka gogo nyuma ya tairi.

Usukani una tairodi zenye vichwa sita. Mtu mmoja akae azungushe usukani kushoto na kulia kidogo kidogo, wewe ukiwa chini umeshika kila kichwa kwa kiganja. Kilicholegea utakisikia kinagonga. Katikati, ndani ya mhimili wa mbele wa chasisi, kuna silinda yenye springi kali inayohamisha mwendo wa usukani. Wengi hawajui kama ipo mpaka inapoganda na usukani unakuwa mzito kama wa trekta. Jaza oili kupitia juu yake. Usiifungue mwenyewe bila kufundishwa: springi iliyo ndani imebanwa kwa nguvu ya kuvunja mkono.

Hatua ya 6: Springi, na kwa nini usiinue sana

Vijana wengi huanza hapa, na huanza vibaya. Wanainua gari sentimita 15, kisha propela (shafti ya kupeleka nguvu kwenye ekseli) inalia, mipira ya breki inavutika, na gari linayumba kwenye kona ya Usagara hadi abiria wanashika dari. Kwa mawe na mbuga zetu, nyongeza ya sentimita 5 inatosha kabisa. Kibuyu cha difu hakipandi hata ukiinua bodi. Kinachokipandisha ni tairi kubwa peke yake. Springi unainua ili tairi lisiguse bodi na ekseli ipate nafasi ya kucheza.

Fungua springi zote, tenganisha vipande vyake, ondoa kutu, paka grisi kati ya kila kipande na kingine. Springi iliyoganda haikunji, na isipokunja tairi moja hubaki hewani kwenye mawe huku jingine likizunguka bure. Vipande vilivyonyooka vipelekwe kwa fundi springi akavirudishie upinde, na mwombe asiongeze vipande. Kila kipande cha ziada ni ugumu, na gari gumu ni gari linaloruka badala ya kukanyaga. Bushi mpya, pini mpya, shokapu ndefu kulingana na kimo kipya. Kisha lishushe gari chini, ekseli moja ipandishe kwa jeki upande mmoja mpaka mwisho, na uchungulie kama mpira wa breki umebakiwa na ulegevu.

Hatua ya 7: Injini, hewa na maji ya kupoozea

Injini ya asili kwa nyingi ni ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,286, ya petroli au dizeli. Ya dizeli ina nguvu kama farasi 60 tu. Hapa tuko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari hata ukisimama ufukweni, na injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya hiyo nguvu. Hata hivyo, ikiwa nzima, ibakize. Kwenye gia nzito inapanda chochote unachoweza kukipanda kwa akili timamu. Itazame kwa kufungua mfuniko wa oili ikiwa inanguruma: moshi kidogo ni kawaida, moshi unaosukuma kwa mapigo kama treni unasema pistoni ringi zimechoka. Kuanzia 1980 injini hizi zilipewa tanboi, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, yenye beringi tano badala ya tatu; ukipata nafasi ya kuchagua, chukua ya tano.

Kama ni lazima kubadilisha, 200Tdi ya Land Rover yenyewe ndiyo inayofungika kwa mateso machache zaidi kwenye giaboksi ya Series. Ni dizeli ya tabo yenye farasi 107 hadi 111 kutegemea ilitoka kwenye gari gani. Ila kumbuka giaboksi ile haikuundwa kwa nguvu hiyo. Ukiachia klachi kwa hasira kwenye matope, meno ya gia yatakujibu. Watu hufunga pia injini za Toyota na Nissan. Zinafanya kazi pale tu fundi anapotengeneza bamba la kuunganishia lililonyooka sawasawa, na hilo likipinda hata kidogo beringi ya shafti ya mbele ya giaboksi haidumu.

Rejeta ipelekwe ikafunguliwe na kusafishwa kwa fimbo, si kumwagiwa maji tu. Mbele yake funga wavu mwembamba, kwa sababu kiangazi mbegu za nyasi hujaa kati ya mapezi na injini inachemka bila sababu unayoiona. Nyasi hizo hizo hujikusanya juu ya bomba la moshi. Ukipita kwenye nyasi ndefu, simama kila baada ya muda uchungulie chini uzitoe. Magari huungua kwa jambo hili.

Bomba la kuvutia hewa, ambalo wengi huliita snokeli, lina faida kubwa ya vumbi kuliko ya maji. Lakini lisiwe urembo: viungio vyote viwe vimebanwa hadi kwenye chujio. Maji yakiingia kwenye silinda hayakandamiziki kama hewa, fimbo ya pistoni hupinda, na hapo injini umeizika. Kina cha salama cha kuvuka ni sentimita 50, yaani kama usawa wa goti la mtu mzima anapotembea mbele ya gari na fimbo.

Dizeli ya kwenye mapipa, visiwani na vijijini, huwa na maji. Weka chujio la kutenganisha maji kabla ya pampu, na ulifungue chini kila asubuhi ya safari.

Hatua ya 8: Umeme

Fanya mfumo mdogo. Tatizo kuu la Land Rover ni ardhi ya umeme: bodi ni alumini, chasisi ni chuma, na panapogusana hujengeka kutu nyeupe inayozuia umeme. Taa zinafifia, watu wanabadilisha balbu. Vuta waya mnene kutoka betri hadi chasisi, mwingine hadi injini, na kila taa ipewe waya wake wa ardhi. Fyuzi iwepo kwa kila kifaa ulichoongeza. Taa mbili nzuri za LED mbele na moja ya kurudi nyuma zinatosha.

Hatua ya 9: Tairi

Chagua 7.50R16, ile nyembamba na ndefu. Najua macho yanapenda tairi pana. Kwenye mbuga, tairi nyembamba hukata tope la juu na kutafuta ardhi ngumu chini, wakati pana huelea na kuteleza pembeni. Kashata ziwe kubwa na zenye nafasi kati yake ili tope lijirushe lenyewe. Kwenye mchanga wa Kayenze utapata upana kwa kupunguza upepo: shusha hadi psi 15 au 18, tembea polepole, na uongeze tena ukirudi kwenye lami. Rimu za zamani zilizounganishwa kwa riveti huhitaji tyubu, na tairi lenye tyubu ukilishusha sana huzunguka kwenye rimu na kung'oa mdomo wa valvu. Kwa hizo, usishuke chini ya psi 20.

Na kumbuka namna gari hili linavyoshika magurudumu manne: kitufe cha njano kinaunganisha ya mbele kwenye gia nyepesi, liva nyekundu inaleta gia nzito. Halina difu la katikati. Usiliendeshe hivyo kwenye lami kavu, utavunja kitu.

Hatua ya 10: Bodi na vifaa vya kujinasua

Uzito. Kila kilo unayoongeza utaisukuma kwenye tope. Mzigo kamili wa 109 unafikia karibu kilo 2,700, kwa hiyo winchi iwe na uwezo wa mara moja na nusu, kama kilo 4,000, na ifungwe kwenye chasisi yenyewe. Bampa la bomba lililochongwa hapa hapa Nyakato, jepesi, lenye pete mbili za kuvutia zilizopitishiwa bolti za daraja la 8.8, ni bora kuliko bampa la bamba nene la kutishia watu. Karia ya juu beba vitu vyepesi pekee. Madumu ya maji na dizeli yakae chini, mbele ya ekseli ya nyuma.

Kwenye mbuga hakuna mti. Hapo winchi inahitaji nanga: chimba shimo kwa pembe, zika tairi la akiba limesimama, mnyororo ukipita katikati yake na kutokea kwenye mfereji mwembamba kuelekea kwenye gari. Ni jasho la saa nzima, lakini linashika. Jeki ya mkono mrefu bila ubao huzama tu. Beba kipande cha mbao ngumu cha futi moja na nusu mraba. Kamba ya nailoni ya kuvutana ifungwe kwenye pete, kamwe si kwenye kile kichwa cha duara cha kuvutia trela, kwa sababu kikikatika huruka kama risasi. Watu wote wasimame mbali, umbali wa mara moja na nusu ya urefu wa kamba.

Ukikwama kando ya ziwa au kwenye madimbwi ya mwambao, vaa mabuti ya mpira kabla ya kushuka. Kichocho kipo, na hakibagui dereva.

Hatua ya 11: Kulijaribu

Safari ya kwanza iwe fupi na karibu na gereji. Nenda Kisesa na urudi, gusa kila kitovu cha gurudumu kwa kiganja: kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, beringi imebanwa au breki inashika. Yubolti za springi zikazwe upya baada ya kilomita mia moja hivi, kisha tena baada ya mia tano. Ndipo utafute mawe, ndipo mchanga, na mbuga iwe ya mwisho, tena ukiwa na gari la pili. Kabla ya kukatiza mashamba au malisho ya watu, pitia kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Usiendeshe wala kuosha gari ndani ya ziwa. Sheria ya mazingira ya 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingoni, na oili inayodondoka kwenye difu lako inaishia kwenye maji tunayokunywa wote Mwanza. Osha kwenye karo la gereji lenye mtego wa oili. Baada ya kila safari iliyovuka maji juu ya vitovu, fungua nati ya chini ya kila difu na boksi la gia, dondosha kidogo kwenye kikombe cheupe, na ikiwa na rangi ya maziwa, mwaga yote, weka oili mpya ya gia ya EP90, kisha tafuta sili iliyoingiza maji kabla ya kutoka tena. Drami za breki nazo zifunguliwe, tope la mbuga likitolewa kwa brashi likiwa bado bichi.